Spika ya tatu ni ya aliyekaa pembeni

Najua nimepotea kwa majuma kadhaa. Kazi ilinibana, na wateja wa programu wana tabia ya kukumbuka kila kitu Ijumaa jioni. Leo tuweke kompyuta kando tuzungumzie spika, yaani jinsi sterio ya kawaida ya nyumbani inavyoweza kupanuliwa ikawa homu thieta. Lakini sitaanza na bei wala wati. Nitaanza na mzee wangu.

Wazazi wangu wanaishi Uthiru, upande wa magharibi wa Nairobi, ukishapita Kangemi kwenye Waiyaki Way. Sebuleni kuna amplifaya ya Kijapani ambayo Baba aliinunua mwaka 1988, kabla sijazaliwa, na spika mbili kubwa za mbao, moja kila upande wa televisheni. Spika hizo zimetulea. Zimepiga benga, rumba, nyimbo za kwaya, na zimesoma taarifa ya habari chini ya marais wanne.

Baba ana kiti chake. Kiko mwisho wa chumba upande wa kulia, karibu na dirisha, na hakuna mgeni aliyewahi kukikalia mara mbili. Shida ni kwamba sikio lake la kulia lilianza kufifia miaka mingi iliyopita, na sasa halishiki karibu chochote. Alinunuliwa kifaa cha kusaidia kusikia, akakivaa wiki mbili, kisha kikahamia kwenye droo pamoja na funguo ambazo hakuna anayejua ni za kufuli gani.

Basi kila jioni ikawa ni vita vya rimoti. Baba anaongeza sauti ili asikie watu wanasema nini. Bunduki zikilia kwenye filamu, Mama anapunguza. Waigizaji wakianza kunong'ona, Baba anaongeza tena. Mwishowe akapata suluhisho lake mwenyewe: habari za saa moja zikiisha, anaaga na kwenda kulala. "Hizo sinema zenu ni kelele tu," anasema.

Siku moja Mama akanipigia simu. "Baba yako halali, mwanangu. Anakaa tu huko chumbani gizani."

Maneno hayo yalinikaa kifuani wiki nzima.

Kosa langu la kwanza

Mimi nikajifanya mjuaji. Nina shahada ya kompyuta, au sio? Jumamosi nikapanda matatu hadi mjini, nikavuka Tom Mboya nikaingia Luthuli Avenue. Mkaazi wa Nairobi hahitaji kuelezwa Luthuli ni nini. Kwa asiyeijua, ni mtaa wenye jina la Albert Luthuli wa Afrika Kusini, Mwafrika wa kwanza kupewa Tuzo ya Amani ya Nobel, ile ya mwaka 1960, na ndio soko la elektroniki la jiji letu. Mwaka 2019 mtaa ulitengenezwa upya, magari yakawa ya kuelekea upande mmoja na njia za watembea kwa miguu zikapanuliwa. Kelele lakini hazikupunguzwa. Kila duka lina spika mlangoni na kila spika ina wimbo wake.

"Kiongozi, unatafuta woofa?"

Hapa kwetu neno "woofa" limemeza kila kitu. Ukitaka kifaa chochote chenye sanduku la besi na spika ndogo ndogo, wewe omba woofa. Nikanunua seti yenye sanduku la besi na spika tano, boksi limeandikwa "5.1" kwa herufi kubwa kama kichwa cha mtoto. Nikaifikisha Uthiru, nikaiunganisha na televisheni kwa waya mbili, nyekundu na nyeupe, nikapanga spika mbele na nyuma ya makochi. Amplifaya ya Baba nikaiweka chini ya meza. Nikamwita mzee aje asikie maajabu.

Sauti ilitoka kila mahali, na hapo ndipo palipokuwa na balaa. Kila spika ilikuwa inasema kitu kilekile. Msoma habari alikuwa mbele ya Baba, nyuma ya Baba na pembeni mwa Baba kwa wakati mmoja. Mzee alivumilia kama dakika kumi.

"Kijana wangu," akasema, "sasa wamekuwa watano na bado siwasikii."

Siku hiyo hata habari hazikuisha. Alienda kulala saa moja na nusu.

Sisi waandishi wa programu tukikutana na hitilafu tusiyoielewa, huwa tunarudi kwenye kumbukumbu za kazi kuangalia kila kipande kiliongezwa lini, na kwa sababu gani. Nikaona nifanye hivyohivyo na spika. Kwa nini watu waliongeza spika ya pili? Na ya tatu? Na za nyuma? Nilichokikuta ndicho nataka kuwasimulia, maana kilinipa jibu la Uthiru.

Kutoka moja hadi mbili

Mwaka 1881 huko Paris kulikuwa na Maonyesho ya Kimataifa ya Umeme. Mhandisi Clément Ader alipanga maikrofoni za simu mbele ya jukwaa la Opera, akavuta waya hadi kwenye maonyesho. Msikilizaji aliweka kipokezi kimoja kila sikio, na kila kipokezi kililishwa na maikrofoni ya sehemu tofauti ya jukwaa. Watu wakashangaa kwamba wanaweza kufuata mwimbaji anavyohama, ilhali hawamwoni.

Nusu karne ilipita kabla jambo hilo halijapata hesabu zake. Inasimuliwa kwamba Alan Blumlein, mhandisi wa kampuni ya EMI ya Uingereza, alienda sinema na mkewe akakerwa na kitu kimoja. Mwigizaji anavuka skrini kutoka upande hadi upande, lakini sauti yake imesimama palepale, kwa sababu spika ni moja. Desemba 1931 Blumlein aliwasilisha ombi la hataza, nambari 394,325, ambalo ndani yake mna misingi ya sterio tunayoitumia hadi leo, ikiwa ni pamoja na namna ya kuweka chaneli mbili ndani ya mfuo mmoja wa santuri. Alifariki mwaka 1942 akiwa na miaka 38 tu, wakati ndege waliyokuwa wakijaribia rada ilipoanguka.

Nataka uone jambo hapa. Sterio, ambayo wengi wetu tunaifahamu kama kitu cha muziki, ilitokana na kero ya mtu aliyekuwa anatazama filamu.

Kwa nini tatu?

Sasa twende Marekani. Tarehe 27 Aprili 1933, orkestra ya Philadelphia ilipiga muziki mjini kwao Philadelphia huku wasikilizaji wakiwa Washington, kama kilomita 200 kutoka hapo, kwenye ukumbi wa Constitution Hall. Jukwaa la Washington lilikuwa tupu, lina spika peke yake. Kazi hiyo ilifanywa na maabara za Bell chini ya Harvey Fletcher, na Leopold Stokowski, kiongozi maarufu wa orkestra hiyo, hakuwa mbele ya wapigaji. Alikuwa Washington, ameshika vidhibiti vya sauti.

Walitumia chaneli ngapi? Tatu: kushoto, katikati, kulia.

Nilipofika hapo nikasimama. Kama masikio ni mawili, na Blumlein alionyesha kwamba mbili zinatosha, hiyo ya katikati ni ya nani?

Ili kujibu, fanya jaribio hili nyumbani. Kaa katikati kabisa ya spika zako mbili, weka taarifa ya habari. Utasikia msomaji yuko katikati, mahali ambapo hapana spika. Huo ni mzuka. Unatokea kwa sababu sauti ileile inafika kwenye masikio yote mawili kwa nguvu sawa na kwa wakati mmoja, na ubongo unahitimisha kwamba mtu yuko kati. Sasa inuka, ukakae pembeni karibu na spika moja. Mzuka unatoweka! Sauti yote inakimbilia kwenye spika iliyo karibu nawe. Mwaka 1949 Mjerumani Helmut Haas alilieleza jambo hili katika utafiti wake: sauti ileile ikitoka sehemu mbili, sikio huamini ile iliyotangulia kufika, hata kama imetangulia kwa sehemu ndogo sana ya sekunde.

Kwa hiyo sterio ya spika mbili inamheshimu mtu mmoja tu, yule aliyekaa katikati. Ukumbini kuna watu mamia, na wengi wao wako pembeni. Spika ya katikati iliwekwa kwa ajili yao. Ukiwa na spika halisi pale katikati, sauti ya msemaji inatoka pale hata ukikaa wapi.

Nikamkumbuka Baba, na kiti chake karibu na dirisha.

Sinema ziliendelea na njia hiyo. Filamu ya Fantasia ya Walt Disney ilipoonyeshwa New York Novemba 1940, mtambo wake ulioitwa Fantasound ulikuwa na chaneli tatu za sauti. Ulikuwa ghali mno, ukafungwa kwenye kumbi chache sana. Mwaka 1953 ikaja The Robe, filamu ya kwanza ya CinemaScope, yenye chaneli nne: tatu nyuma ya skrini, na moja tu kwa ajili ya spika zilizotandazwa ukumbini. Tazama mgawanyo huo. Tatu mbele, moja nyuma. Sisi siku hizi tukisikia homu thieta tunawaza helikopta ikipita juu ya kochi. Wale wahandisi waliwaza kwanza mtu wa pembeni asikie mazungumzo.

Baba alikuwa kijana wa mjini mwishoni mwa miaka ya sabini. Anakumbuka Odeon, Globe, Kenya Cinema na 20th Century. Vijana wa leo wanaijua Odeon kama steji ya matatu, na Globe kama mzunguko wa barabara, hawajui kwamba majina hayo yalikuwa ya sinema. Anakumbuka pia Fox Drive-In ya Thika Road, ambapo uliegesha gari ukaning'iniza spika ndogo dirishani. "Watu sita kwenye pikapu, spika moja," anasema akicheka. "Na tulisikia kila neno!"

Nilidhani anatia chumvi. Sasa namwelewa. Mazungumzo yalitoka mahali pamoja.

Nyumbani tukaishia na mbili

Kama sinema zilikuwa na tatu na nne tangu miaka ya hamsini, mbona majumbani tulipata mbili? Sababu yake ni ndogo mno, huwezi kuamini. Ni umbo la mfuo wa santuri.

Santuri za sterio zilianza kuuzwa kati ya 1957 na 1958. Mfuo ambao sindano inapita una kuta mbili zilizoinama, kila moja kwa nyuzi 45. Ukuta mmoja ukabeba chaneli ya kushoto, wa pili ukabeba ya kulia. Hakuna ukuta wa tatu, basi hakuna chaneli ya tatu. Kaseti, redio ya FM na CD zote zikafuata mbili hizo. Amplifaya ya Baba ina matundu mawili ya spika kwa sababu hiyo.

Mwanzoni mwa miaka ya sabini makampuni yalijaribu kuuza sauti ya spika nne kwa muziki. CBS walikuwa na mfumo wao wa SQ, Sansui wakawa na QS, JVC wakawa na CD-4. Mifumo haikuelewana. Santuri ya huyu haikukunjuka sawasawa kwenye mtambo wa yule, na CD-4 ilihitaji hadi sindano maalum. Mnunuzi akachoka, soko likafa kabla muongo haujaisha. Yeyote aliyewahi kuandika programu analijua kaburi hilo.

Nne ndani ya mbili

Lakini wazo moja lilinusurika, nalo ndilo roho ya makala hii. Unaweza kukunja chaneli nne ndani ya waya mbili, kisha ukazikunjua upande wa pili, kama shuka ndani ya sanduku.

Hesabu yake ni ya darasa la nne. Tuseme filamu ina mazungumzo yanayotakiwa kutoka katikati, nguvu yake 4, na mvua inayotakiwa kusikika nyuma, nguvu yake 1. Mazungumzo unayaweka sawa kwenye waya zote mbili. Mvua nayo unaiweka kwenye zote mbili lakini kinyume: kushoto unaijumlisha, kulia unaitoa. Basi waya wa kushoto una 4 + 1 = 5. Waya wa kulia una 4 − 1 = 3.

Nyumbani ukizijumlisha waya hizo unapata 8, yaani mazungumzo mara mbili, na mvua imetoweka. Ukizitoa unapata 2, yaani mvua mara mbili, na mazungumzo yametoweka. Umepata spika ya katikati na ya nyuma kutoka kwenye sterio ileile!

Uzuri mwingine ni kwamba hakuna aliyeachwa nyuma. Mwenye sterio ya kawaida anasikia filamu yake vizuri. Mwenye televisheni ya spika moja anapata jumla, mazungumzo yake yapo. Maabara za Dolby, zilizoanzishwa na Ray Dolby London mwaka 1965, zilitumia njia hii kuanzia miaka ya 1975 na 1976. Pembeni mwa mkanda wa filamu ya milimita 35 palikuwa na nafasi ya mstari mmoja wa sauti, wao wakatia miwili yenye chaneli nne zilizokunjwa. Sinema yenye mtambo wa zamani, iwe London au Moi Avenue, iliweza kuonyesha mkanda uleule bila kununua chochote, kwa sababu mtambo wa zamani uliisoma mistari miwili kama mmoja. Mwaka 1977 Star Wars ikaifanya dunia nzima iisikie sauti hiyo, na kumbi zikaanza kununua mitambo ya kukunjua.

Nyumbani mfumo huo ulifika mwaka 1982 kwa jina la Dolby Surround. Huo wa kwanza ulileta spika za nyuma tu, tena kwa kuvujishiana sauti sana na za mbele. Mwaka 1987 ndipo ilipokuja Pro Logic, yenye saketi inayopima kila mara sauti kubwa inatoka wapi na kuzizima zile zinazovujia upande mwingine. Pro Logic ndiyo iliyoipa sebule spika ya katikati. Miaka 54 baada ya Washington!

Kisha mambo yakaenda mbio. Mwaka 1992 Batman Returns ilitoka na sauti ya dijitali ya Dolby yenye chaneli tano kamili na ya sita ya besi, ndiyo hiyo "5.1". Mwaka 1993 Jurassic Park ikaja na mfumo wa DTS. DVD zilipoanza kuuzwa Japani mwishoni mwa 1996, chaneli hizo zikaingia majumbani bila kukunjwa.

Na hapa Nairobi? Wengi wetu tulipita njia nyingine, ya kanda za VHS za kuazima na baadaye VCD za barabarani. VCD ina chaneli mbili tu. Lakini kumbuka hesabu yetu: kilichokunjwa kikinakiliwa vizuri, mikunjo inabaki. Filamu nyingi tulizozitazama kwa spika moja zilikuwa zimebeba chaneli nne ndani yake, nasi hatukujua. Hata kwenye vibanda vya video vya Kawangware na Kangemi, filamu zenye sauti ya DJ Afro akitusimulia juu yake, sauti ya msimulizi ikiwekwa sawa kushoto na kulia, Pro Logic ingempeleka moja kwa moja kwenye spika ya katikati. Hesabu haibagui.

Kurudi Luthuli

Nikaelewa kosa langu. Seti yangu ilikuwa na spika tano, lakini kwa waya mbili haikuwa inakunjua chochote. Ilikuwa inanakili. Nilimwongezea Baba watu watano wa kurudia neno moja, ilhali yeye alihitaji mtu mmoja asimame mahali pamoja.

Tena kuna jambo la masikio. Mwaka 1953 mwanasayansi Colin Cherry alichunguza jinsi tunavyoweza kumsikiliza mtu mmoja katikati ya watu wengi wanaoongea. Masikio mawili hutusaidia kutenga sauti kwa kujua inatoka upande gani. Mwenye sikio moja amenyang'anywa msaada huo. Kwake, sauti zikija kutoka pande zote ni uji mtupu. Kuongeza sauti yote kunaongeza uji.

Jumamosi iliyofuata nikarudi Luthuli, mara hii nikapanda ngazi hadi kwa fundi mmoja mzee anayeuza vifaa vya mtumba, vile tunavyoviita ex-UK. Nikamweleza hadithi yote. Akaniuliza, "Amplifaya ya mzee bado inalia?"

"Inalia, fundi."

"Basi usiiguse. Hiyo haikukosea."

Akanionyesha risiva iliyotumika, yenye Pro Logic II, toleo lililotoka mwaka 2000, na nyuma ina matundu ya kutolea sauti kabla haijakuzwa. Kwa matundu hayo risiva inakunjua chaneli, kisha inaipa amplifaya ya Baba kazi ya kuendesha spika zake mbili kubwa. Yenyewe inaendesha katikati na nyuma. Hakuna kinachotupwa.

Akaniambia pia kwamba miaka ya tisini walikuwa wakiwafungia wateja spika ya nyuma kwa kuunganisha nyekundu ya kushoto na nyekundu ya kulia, bila kugusa nyeusi. Nikacheka. Hiyo ni hesabu ya kutoa, imefanywa kwa waya mtupu! Vitabu vinaiita saketi ya Hafler, kwa jina la David Hafler wa kampuni ya Dynaco aliyeieneza mwanzoni mwa miaka ya sabini. Angalizo: usiijaribu kabla fundi hajaichunguza amplifaya yako. Nyingine, hasa zile ambazo waya zake nyeusi haziunganiki ndani, zinaweza kuungua.

Nikanunua risiva pamoja na spika moja ya katikati, kwa pesa pungufu ya nilizotupa kwenye boksi la kwanza. Spika mbili ndogo za boksi hilo fundi alizipima, akasema zitafaa kwa nyuma.

Jioni ya Uthiru

Kuunganisha kulinichukua mchana mzima. Spika ya katikati niliiweka chini ya televisheni, ikielekea kimo cha sikio. Kutoka kwenye kiti cha Baba iko upande wa kushoto mbele, upande wa sikio lake zima. Risiva inatoa mvumo wa majaribio kwa kila spika kwa zamu, nami nikazisawazisha kwa kupima na simu. Kitufe cha sauti cha amplifaya ya zamani kilitakiwa kikae mahali pamoja daima, basi Mama akaleta rangi ya kucha akaweka alama. Mwisho nikapandisha chaneli ya katikati kwa desibeli 4, hiyo peke yake. Kwenye sterio hilo haliwezekani. Ukiongeza mazungumzo umeongeza na bunduki.

Saa moja taarifa ya habari ikaanza. Sauti ya msoma habari huwa sawa kushoto na kulia, kwa hiyo Pro Logic inaituma yote katikati. Spika kubwa zikanyamaza, ile ndogo ikasema.

Baba akainamisha kichwa kidogo. "Huyu," akauliza, "ameanza lini kuongea wazi hivi?"

Sikujibu. Mama alijifanya anatafuta kitu kwenye kabati.

Habari zikaisha. Tukaweka filamu. Saa mbili ikapita, saa tatu ikapita, Baba yuko kitini. Kuna mahali mwigizaji alitoa mzaha kwa sauti ya chini, na mzee akacheka pamoja nasi, si baada yetu.

Siwadanganyi kwamba kila kitu kimepona. Spika haitibu sikio. Tukiongea watu watatu kwa pamoja mezani, Baba bado anapotea, na tumejifunza kusema mmoja mmoja. Zile spika za nyuma nilizozililia, Mama amezipunguza hadi karibu sifuri kwa sababu hapendi mtu aongee nyuma ya mgongo wake. Unaona? Nilianza safari nikitaka sauti ya kuzunguka chumba, na kilichofanya kazi ni spika moja iliyosimama katikati.

Kwa hiyo ndugu msomaji, ukitaka kupanua sterio yako, usihesabu spika zilizo kwenye boksi. Uliza kwanza kama kifaa kinakunjua au kinanakili. Kama pesa ni kidogo, anza na ya katikati, hizo za nyuma zitakungoja. Amplifaya ya zamani kama ni nzima, itafutie kazi. Na kabla ya yote, angalia nani anakaa pembeni nyumbani kwako, ujue anasikia nini.

Jana Mama alipiga simu tena, analalamika. Siku hizi Baba haendi kulala mapema, na filamu nzima anauliza maswali: huyu ni nani, mbona amemkimbia yule, kwani hawakuoana?

Nikamwambia, "Mjibu tu, Mama."

Tukutane tena, Mungu akipenda.